Kiswahili cha kutisha: Kwa nini tunalipia hofu sinemani?

Hofu ni hisia yenye ujumbe mmoja tu: kimbia. Nyoka akikatiza njia mbele yako, huombi arudi akatize tena ili umwone vizuri. Mlango ukigongwa saa nane za usiku, huketi kitandani ukifurahia jinsi moyo unavyodunda. Mbona basi mtu huyo huyo atoe pesa mfukoni, aketi gizani saa mbili, atishwe hadi apige mayowe, kisha atoke nje akicheka na kuuliza sehemu ya pili itakuja lini?

Swali hili ni kongwe. Aristotle alilikaribia alipojiuliza kwa nini watazamaji wa tanzia hupata ladha katika huruma na hofu, hisia ambazo nje ya ukumbi kila mtu huziepuka. Wanasaikolojia wa siku hizi wamelipimia katika maabara kwa vifaa vya kuhesabu mapigo ya moyo. Mimi nataka kulijibu kwa njia nyingine: kwa kuihakiki filamu moja ya Kimarekani ambayo msemaji wa Kiswahili ana nafasi ya pekee ya kuihakiki, maana lugha yake imo ndani yake.

Filamu yenyewe ni Get Out ya Jordan Peele, iliyotoka mwaka wa 2017. Iligharimu takribani dola milioni 4.5, ikaingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani, na mwaka uliofuata ikampa Peele tuzo ya Oscar ya mswada asilia bora. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kushinda katika kitengo hicho kabla yake. Ambao hawajaitazama waniwie radhi, kwa sababu siwezi kuihakiki bila kuifichua.

Chris Washington, mpiga picha kijana mweusi anayeigizwa na Daniel Kaluuya, anakwenda kukutana na wazazi wa mpenzi wake Rose, msichana mweupe. Nyumba ni nzuri, wenyeji ni wakarimu, na kila mmoja anajitahidi kuonyesha kwamba hana ubaguzi. Mama mtu ana ujuzi wa kumtia mtu usingizi kwa maneno na kwa mlio wa kijiko kinachozungushwa kikombeni. Baba mtu ni daktari wa upasuaji wa ubongo. Kumbe biashara ya familia ni kuwanasa watu weusi na kupandikiza bongo za wazungu wazee katika miili yao, mwenye mwili akibaki mtazamaji tu ndani ya maisha yake mwenyewe.

Lakini kabla hatujamwona Chris, kabla hatujaijua nyumba hiyo, kuna jambo linalotokea masikioni. Kijana mmoja mweusi ametekwa usiku katika mtaa wa matajiri. Kisha skrini inajaa miti inayokimbia kando ya barabara, majina ya waigizaji yanapita, na sauti za watu zinanong'ona na kuimba. Zinaimba kwa Kiswahili. Wimbo unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga", na mtunzi wake ni Michael Abels. Peele ameeleza hadharani kwamba maneno hayo ni onyo kwa Chris: atoroke, ajiokoe. Ameeleza pia kwamba alitaka sauti zenye asili ya watu weusi lakini zisizo na lile tumaini ambalo muziki wao huwa nalo hata katika dhiki, na kwamba alimkanya Abels asitumie milio ya uchawi ambayo sinema imezoea kuibandika Afrika.

Hapa ndipo pana kitendawili. Hadhira ambayo Peele aliilenga kwanza haijui Kiswahili. Kwa Mmarekani aliyeketi na bisi zake mkononi, sauti zile ni manong'ono yasiyo na maana, na kwa kuwa hayana maana, yanatisha. Kwa Mkenya aliyeketi kitini vivyo hivyo, sauti zile zinasema jambo, tena jambo la busara. Wimbo ni mmoja, sekunde ni zile zile, ila watu wawili wanatazama filamu mbili. Nadhani tukieleza tofauti hiyo tutakuwa tumepata jibu la swali letu la kwanza.

Tuanze na lugha. Kiswahili kina kitenzi kinachostahili kuheshimiwa na wanasaikolojia: kusisimka. Mwili husisimka kwa baridi, husisimka kwa woga, husisimka kwa furaha. Mtu akisema mwili ulimsisimka, hujui kama aliona mzuka au alisikia wimbo wa taifa uwanjani hadi akumalizie habari. Lugha imetambua kwamba mwili una namna moja tu ya kuwaka, na kwamba jina la moto huo hutokana na kinachofuata.

Jambo hilo hilo ndilo Dolf Zillmann alilolijengea nadharia katika miaka ya 1970. Alisema msisimko wa mwili haukatiki ghafla pindi sababu yake inapokwisha. Moyo huendelea kudunda, damu huendelea kwenda kasi, na hisia itakayokuja baadaye huurithi msisimko huo na kuwa kubwa kuliko kawaida yake. Kwa hiyo nafuu inayofuata hofu kubwa huwa tamu kuliko nafuu ya kawaida.

Mwisho wa Get Out ni mfano safi wa nadharia hii. Chris ametoroka, amejeruhiwa, yuko barabarani usiku akiwa amemwinamia Rose anayevuja damu. Mara vimulimuli vya rangi nyekundu na buluu vinawaangaza. Hakuna zimwi wala mzuka katika tukio hilo, lakini ni tukio la kutisha kuliko yote, kwa sababu kila mtazamaji anajua polisi wa Marekani watafikiri nini wakimkuta mtu mweusi katika hali ile. Kisha mlango wa gari unafunguka, na anayetoka ni Rod, rafiki ya Chris anayefanya kazi ya ulinzi uwanja wa ndege. Ukumbi mzima hushangilia. Peele alikuwa amepiga picha za mwisho mwingine ambamo polisi wa kweli wanafika na Chris anaishia gerezani. Akauacha, kwa kuona kwamba watazamaji wake walihitaji afueni. Hofu ya saa nzima na nusu ikageuka kuwa shangwe ya dakika moja.

Hata hivyo, nadharia ya Zillmann ina upungufu. Inatuambia kwa nini tunafurahi hofu inapokwisha, ila haitwambii kwa nini tunafurahi ikiwa inaendelea. Zipo filamu ambazo haziishii kwa nafuu yoyote na bado zina wapenzi wao. Mwaka wa 2007 Eduardo Andrade na Joel Cohen walichapisha utafiti ulioligusa jambo hili hasa. Waligundua kwamba wapenzi wa filamu za kutisha huona hofu na raha kwa wakati mmoja, si moja baada ya nyingine. Wasiozipenda huona hofu peke yake. Lakini hao wasiozipenda walipopewa picha na maelezo mafupi kuhusu maisha ya waigizaji, wakakumbushwa kwamba hawa ni watu wanaofanya kazi yao, nao wakaanza kuonja raha ndani ya hofu.

Kumbe basi tofauti kati ya mpenzi na asiyependa haimo katika ushujaa. Imo katika kile nitakachokiita uzio. Mpenzi wa sinema za kutisha anajua, hata anapopiga mayowe, kwamba kuna uzio kati yake na zimwi. Asiyezipenda hauoni uzio huo mpaka mtu amwonyeshe.

Uzio nao una kipimo chake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus wakiongozwa na Marc Malmdorf Andersen walikwenda katika jumba la kutisha mjini Vejle, Denmark, mahali ambapo watu hulipa ili wafukuzwe na waigizaji waliojipaka damu ya bandia. Waliwafunga watu 110 vifaa vya kupima moyo, kisha mwaka wa 2020 wakachapisha matokeo. Raha ilipanda pamoja na hofu hadi kiwango fulani, halafu hofu ilipozidi, raha ikashuka. Hofu ikipungua mno, mtu anapiga miayo. Ikizidi mno, si mchezo tena. Utamu umo katikati.

Haya yote wazee wetu waliyajua bila kufunga mtu nyaya kifuani. Hebu tuangalie jinsi hadithi inavyofunguliwa kwetu. Fanani anaita, "Paukwa!" Hadhira inajibu, "Pakawa!" Au anasema "Hadithi! Hadithi!" naye anajibiwa: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Fomula hii tumeizoea kiasi kwamba wanafunzi huikariri kama sifa mojawapo ya ngano, wapate alama mtihanini, wapite. Lakini uzito wake ni mkubwa. Mtoto anayekaribia kusimuliwa habari za zimwi linalokula watoto anatakiwa kwanza, kwa sauti yake mwenyewe, kutamka kwamba kinachokuja ni uongo. Akishatamka hivyo ndipo anapouruhusu utamu ukolee. Uongo njoo ndio uzio, na utamu kolea ndiyo raha inayozaliwa ndani ya uzio. Utafiti wa Andrade na Cohen umefumbatwa katika maneno manne.

Tena mtoto hasikilizi peke yake. Yuko kando ya bibi, katikati ya ndugu zake, na sauti inayomtisha ni sauti ile ile inayomwita aje kula. Sauti inayojulikana ni sehemu ya uzio. Wahenga wakasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii kwa kawaida tunaitumia kuhusu jamaa na marafiki wanaotudhuru kwa kiasi, lakini inaufaa mjadala wetu pia: kitisho chenye kukujua, kinachosema lugha yako, hakikumalizi.

Sasa turudi kwenye wimbo wa Abels. Kwa asiyejua Kiswahili, sauti zile ziko nje ya uzio. Hajui ni za nani, hajui zinataka nini, na akili ya binadamu ikikosa maana huijazia nafasi hiyo kwa hatari. Huenda akadhani ni sauti za wabaya wenyewe. Kwa anayejua Kiswahili, sauti zile ziko upande wa Chris. Ni jamaa zake. Hofu yetu si ile ya kutojua. Ni ya kujua mapema. Alfred Hitchcock alipenda kueleza tofauti hii kwa mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka bila taarifa, watazamaji wanashtuka kwa muda mfupi. Wakiambiwa kwamba limo na wahusika hawajui, kila neno la kawaida linalosemwa mezani linakuwa mateso. Mshtuko ni wa sekunde chache, lakini taharuki hudumu. Msemaji wa Kiswahili anapoitazama Get Out ameshaambiwa habari za bomu kabla filamu haijaanza. Rose anapotabasamu, sisi tumeshaonywa. Wenzetu watalazimika kungoja zaidi ya saa nzima ndipo wajue tunachokijua.

Kwa mantiki hiyo tumepewa filamu bora zaidi kuliko waliyopewa Wamarekani wenyewe. Nasema hivyo bila kuona haya. Lakini zawadi hiyo ina kasoro zake, na mhakiki wa lugha hawezi kuzifumbia macho.

Chukua jina la wimbo lenyewe, "Sikiliza Kwa Wahenga". Kitenzi sikiliza hakihitaji kihusishi ili kimpate anayesikilizwa. Twasema msikilize mama, wasikilize wazee. Mtu aliyekulia katika lugha hii akitaka kumwonya ndugu yake atasema wasikilize wahenga, basi. Hilo kwa limetoka kwenye sarufi ya Kiingereza, ambacho hakiwezi kusikiliza mtu bila kuweka kihusishi katikati. Najua utetezi upo. Tunasema nilisikia kwa mama, yaani nilipata habari kutoka kwake, na tunasema jifunze kwa wazee. Lakini sikia ni la sikio, ilhali sikiliza ni la nia. Ukimsihi mtu atie nia, humpeleki kwa mzunguko wa kihusishi.

Halafu kuna hilo neno wahenga. Muktadha wa filamu unadai wafu, watu waliouawa katika utumwa na katika miti ya kunyongea, wanaorudi kumnusuru mzao wao. Katika Kiswahili hao wangeitwa mababu, au kwa ukali zaidi, mizimu. Wamijikenda wangesema koma. Mhenga ni mtu wa zamani mwenye hekima, yule tunayemkumbuka kila tunapotaka kutia methali katika insha. Wahenga hutushauri, mizimu ndiyo hututia baridi uti wa mgongoni. Mtunzi aliyetaka kutisha amechagua neno la darasani.

Je, haya ni mambo ya mwalimu mwenye kalamu nyekundu tu? La. Yanahusu hofu moja kwa moja. Tumeona kwamba raha ya hofu inakaa katikati, kati ya uzio mwembamba mno na uzio mnene mno. Kosa la lugha huunenepesha uzio ghafla. Ni kama kuona zipu mgongoni mwa zimwi. Mtazamaji aliyekuwa ameanza kusisimka anajikwaa kwenye kwa, anazinduka, anakumbuka kwamba mahali fulani Marekani kuna watu waliosimama mbele ya vipaza sauti wakisoma maneno kwenye karatasi. Mmarekani hakujikwaa, kwa sababu kwake hapakuwa na sarufi ya kukosewa. Kosa hilo, dogo lilivyo, linatuonyesha wimbo ulitungiwa masikio ya nani.

Kuna na suala la historia. Waafrika wengi mno waliopelekwa Marekani utumwani walitoka magharibi na kati-magharibi mwa bara hili, si pwani ya Waswahili. Wahenga wa Chris, kama wangenong'ona, wangenong'ona kwa lugha nyingine kabisa. Hata hivyo silioni hili kuwa kosa. Tangu miaka ya 1960 Wamarekani weusi wamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya nasaba waliyoichagua, baada ya kunyang'anywa zile walizozaliwa nazo. Maulana Karenga alipoanzisha sherehe ya Kwanzaa mwaka wa 1966, nguzo zake saba alizipa majina ya Kiswahili, kuanzia umoja hadi imani. Peele na Abels wamefuata mkondo huo huo. Kiswahili chao si cha ukoo, ni cha hiari, na mtu akikuchagua kuwa ndugu si vyema umdai cheti cha kuzaliwa.

Ninalolihoji ni lingine: sauti ya nani inageuzwa kuwa sauti ya kutisha, na kwa manufaa ya nani? Sinema imekuwa ikifanya hivyo kwa muda mrefu, na hapa kwetu tuna kielelezo. Mwaka wa 1952 Marekani ilitoa Bwana Devil, filamu ndefu ya kwanza ya rangi nchini humo iliyotazamwa kwa miwani maalumu inayofanya picha zionekane kukuruka. Kisa chake kilitokana na simba wawili waliowala vibarua wa reli Tsavo mwaka wa 1898. Matangazo yake yaliwaahidi watazamaji simba mapajani mwao. Neno bwana likatiwa katika jina la filamu kama pilipili inavyotiwa chakulani, kuleta harufu ya mbali. Watazamaji walioketi na miwani yao walikuwa na uzio, wakapiga mayowe, wakafurahi. Vibarua wa Tsavo walilala katika mahema yaliyozungushiwa boma la miiba, na simba wakapita. Hofu ya vibarua na hofu ya watazamaji ni neno moja katika kamusi, lakini iliyo na uzio unaweza kuiuza na isiyo na uzio huwezi kumpa mtu hata bure.

Na si Kiswahili peke yake kilichowahi kutumiwa hivyo. Peele alipotoa Us mwaka wa 2019, Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o aliigiza mwanamke na kivuli chake. Sauti ya kivuli hicho, ya kukwaruza na kukatikakatika, ilisifiwa kwa kutisha. Nyong'o akaeleza kwamba miongoni mwa mambo yaliyomwongoza ni maradhi ya misuli ya koo ambayo huikatakata sauti ya mgonjwa. Watetezi wa wenye maradhi hayo wakalalamika: sauti wanayoamkia nayo kila siku, wanayoombea kazi na kubembelezea watoto, imefanywa sauti ya zimwi. Nyong'o aliomba radhi na kueleza kwamba hakukusudia kumdhalilisha mtu. Uigizaji wake ulikuwa wa hali ya juu, na malalamiko nayo yalikuwa ya haki. Vyote viwili ni kweli. Kinachomtisha mmoja kwa ugeni wake ni maisha ya kawaida ya mwingine.

Kwa kipimo hicho, Get Out inapita. Lugha yetu imetumiwa kwa ugeni wake, naam, lakini haikupewa upande wa zimwi. Imepewa wanaojaribu kumwokoa mtu. Toka kwenye bwana ya 1952 hadi kwenye onyo la 2017, Kiswahili kimehama kutoka kuwa kiungo hadi kuwa na jambo la kusema. Natamani tu lingesemwa kama tunavyolisema.

Na je, jambo lenyewe lina faida yoyote, au tunalipia kutishwa bure? Mwaka wa 2021 Coltan Scrivner na wenzake walichapisha utafiti uliobaini kwamba wapenzi wa filamu za kutisha walisumbuka kidogo zaidi kisaikolojia katika miezi ya kwanza ya Covid-19. Tusiutwike mzigo usio wake: haujathibitisha kwamba sinema ndizo zilizowaimarisha, kwa maana huenda walikuwa imara tangu zamani. Lakini unaelekea upande mmoja na hekima ya ngano. Mtoto aliyesikia habari za zimwi mara ishirini kando ya bibi yake amejizoeza kuogopa bila kusambaratika, na kujua ni wakati gani wa kukimbia.

Maana kukimbia pia ni maarifa. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wamarekani weusi wana utani wa siku nyingi kwamba katika filamu za mizuka wazungu hubaki nyumbani wakiuliza nani yupo pale, ilhali mtu mweusi angekuwa ameshatoka. Eddie Murphy aliuchekeshea utani huo jukwaani mwaka wa 1983, na jina la filamu ya Peele lina mwangwi wake. Chini ya kicheko hicho pana historia ya watu ambao, kwa karne kadhaa, kuogopa kwa wakati unaofaa kuliwaokoa roho. Chris anakaribia kuangamia kwa sababu ya adabu. Anaona dalili, anazisamehe, anaogopa kuonekana mtu wa kushuku. Filamu nzima inamfundisha kuuheshimu woga wake.

Ndiyo sababu naamini jibu la swali letu halimo katika kupenda hofu yenyewe. Tunapenda kuikaribia hatari tukiwa na mtu wa kutuambia iko umbali gani. Mtu huyo anaweza kuwa bibi, kiti cha ukumbi, jina la mwigizaji tunayemjua, au sauti inayosema lugha yetu. Akiondoka, raha inaondoka naye.

Waandishi na watengenezaji wetu wa filamu wana la kuvuna hapa. Mussa Banzi wa Tanzania alishaonyesha kwa Shumileta kwamba jini anaweza kusema Kiswahili sanifu na bado watu wakafunika macho. Tunazo ngano, tunayo mizimu, tunayo koma, na tunacho kitenzi kusisimka. Tunao pia uzio uliotengenezwa tayari, wenye maneno manne, na hadhira inayoujua kwa moyo. Atakayetutungia filamu ya kutisha kwa lugha hii asituazime manong'ono. Atuambie waziwazi kwamba ni uongo, kisha atutishe mpaka tusahau kwamba alituambia.